Kabati la fomaika lisiguswe

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama majumba ya kifalme yaliyogeuzwa makumbusho yaondolewe vyombo vya karne ya 20 ili yarudie sura yake ya asili. Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni Beit al-Sahel, kasri la zamani la masultani wa Zanzibar, pale Forodhani, Unguja.

Asili ipi kwanza? Jumba la enzi za Seyyid Said lilipigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita visivyofika saa moja. Hili jeupe linaloitazama bahari, lenye meno ya ngome juu ya paa, ni la baada ya kujengwa upya. Mapinduzi ya 1964 yakalitia mikononi mwa serikali, na makumbusho limekuwa tangu 1994. Anayetaka asili atuambie anataka mwaka gani.

Ndani, mgeni hukuta alichokitarajia: picha za masultani, samani za mbao nyeusi zilizojaa nakshi, chumba cha kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Halafu anakutana na kabati la fomaika, yaani lililobandikwa karatasi ngumu ya plastiki, uso wake laini unang'aa, ua hata moja halina. Watu hulicheka. Mimi ndilo lililonisimamisha. Sultan Khalifa bin Harub alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, na vyumba vyake vya juu ni vya kawaida kuliko unavyodhani. Ukivipita unaona hata wake zake wawili hawakupenda samani za namna moja. Fomaika ilikuwa fasheni ya wakati ule, na kasri nayo ilifuata fasheni. (Kwani nani hakuitaka?)

Jirani yake, Beit al-Ajaib, Sultan Seyyid Barghash alilisimamishia nguzo za chuma kutoka Ulaya mwaka 1883. Nazo zilikuwa ugeni mtupu. Leo nani anathubutu kusema ziondolewe?

Kama lazima kitu cha karne ya 20 kitolewe Mji Mkongwe, basi iwe saruji. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na boriti za mikoko zinazobeba dari huoza kuanzia kwenye ncha zilizozama ukutani. Hapo fundi abandue bila huruma, arudishie chokaa.