Satelaiti inalionaje jua la bati langu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Tukuyu, nataka kufunga sola ya mashine ya kutotolea vifaranga. Fundi kanionyesha ramani ya jua kwenye simu, anasema satelaiti imeshapima jua la kwangu na linatosha. Lakini mwezi wa sita huku ukungu unakaa mpaka saa nne, nyumba ya tatu huioni. Inalionaje jua la bati langu?

JIBU: Marahaba. Umeuliza la maana sana, maana watu wengi wanauziwa sola bila kuelezwa hili. Satelaiti haipimi jua la bati lako, iko kilomita 36,000 juu, inachopima ni mwanga unaorudi kule juu kutoka huku chini. Meteosat za kizazi cha pili kwa mfano, satelaiti za hali ya hewa za Ulaya, zinapiga picha kila dakika 15, siku ya anga safi shamba la chai linaonekana jeusi jeusi, likipita wingu panakuwa peupe, basi kadiri panavyozidi kuwa peupe ndivyo wataalamu wanavyohesabu jua lililozuiwa. Kabla ya hapo wanapiga hesabu ya jua lisilo na wingu: nje ya hewa ni wati 1,361 kwa mita ya mraba, toa linalomezwa na hewa, mvuke, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba, mchana wa anga safi inabaki kama wati 1,000 hivi.

Sasa kwako tatizo ni milima. Doa moja la picha hizo lina upana wa kilomita 3 au zaidi, humo kuna bonde lenye ukungu na kilima kinachowaka jua, vyote vinapewa namba moja, na mkaratusi wa jirani hauonekani kabisa. Wastani wa mwaka unakuwa mzuri tu, ila saa kwa saa, hasa asubuhi jua likiwa chini, namba inayumba.

Kwa hiyo mwambie fundi aache namba ya mwaka, afungue ya mwezi mbaya kuliko yote, PVGIS, tovuti ya kukadiria jua na umeme wa sola, inaonyesha mwezi kwa mwezi na ni bure. Mimi nilifunga kwa namba ya mwaka, Julai betri ikawa inazima saa tatu usiku, na mayai yako yanataka joto siku 21 mfululizo. Mwezi wa sita jua letu liko kaskazini, paneli ziangalie huko, na kama asubuhi ni ukungu kila siku zigeuze kidogo magharibi zidake la mchana.