Kabla hujaandika maisha ya mchezaji wa zamani

Wengi wanaoanza kuandika historia za wanamichezo hukimbilia medali. Mchukue Dick Fitzgerald wa Killarney, kaunti ya Kerry: alitwaa ubingwa wa Ayalandi katika mpira wa Kigaeli (mchezo wa Kiayalandi wa kupiga mpira kwa mikono na miguu) mara tano, ule wa 1903, 1904, 1909, 1913 na 1914, na miwili ya mwisho akiwa nahodha. Hiyo ni sentensi moja, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuiandika. Kazi yako inaanzia hapo.

Shika tarehe kwanza. Fainali ya ubingwa wa 1903 ilichezwa 1905, na ya 1904 ikachezwa 1906, maana mashindano yalikuwa yakiburuzwa mno. Kwenye daftari langu huwa nachora safu mbili: mwaka wa ubingwa, na mwaka mpira ulipopigwa kweli. Ni kazi ya karani, najua, ila bila safu hizo utamzeesha mtu au kumfanya kijana kuliko alivyokuwa.

Halafu soma sheria za wakati ule kabla hujagusa matokeo. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Chama cha michezo ya Kigaeli kilianzishwa Thurles mwaka 1884, na miaka ya mwanzo timu iliingiza watu 21. Goli moja, yaani mpira kuingia langoni, lilizidi pointi zote, zile za mpira kupita juu au kando ya lango, hata ziwe ngapi. Mwaka 1892 wachezaji wakapunguzwa hadi 17 na goli likawa sawa na pointi tano. 1896 likashuka hadi tatu. Tena kulikuwa na milingoti ya pembeni ya kuhesabia pointi, ambayo iliondolewa 1910.

Sasa rudi kwenye fainali ile iliyochezwa 1905, timu za kaunti za Kerry na Kildare. Mechi ya kwanza ilizua mzozo, ikaamriwa irudiwe. Ya pili utaikuta imeandikwa 0-7 kwa 1-4, Kerry wakitangulia, na kwa kila timu magoli kwanza, kisha pointi. Mgeni akiona Kildare wana goli na Kerry hawana, anawapa Kildare ushindi. Hesabu: goli ni tatu, ongeza nne, saba. Sare! Wakarudi mara ya tatu, Kerry wakashinda 0-8 kwa 0-2. Chini ya sheria za 1887, matokeo yale ya pili yangewapa Kildare kombe.

Timu zilipunguzwa tena hadi watu 15 mwaka 1913, na mwaka uliofuata Fitzgerald akatoa kitabu cha kufundisha mchezo. Kisome ukikumbuka hilo: uwanja ulikuwa umefunguka, na mtu wa akili kuliko misuli alipata pa kupitia. Kwa maoni yangu, kitabu hicho kina thamani kuliko medali zake zote tano.

Uliza pia kuhusu medali ambazo hazipo. Ya 1910 ilikwenda kaunti ya Louth bila fainali kuchezwa, kwa sababu Kerry waligombana na kampuni ya reli juu ya masharti ya safari ya Dublin, wakakataa kusafiri. Majibu ya namna hii hayamo kwenye jedwali la washindi. Yamo kwenye magazeti ya wiki zile, na humo jina lake utalikuta kama Richard, Dick au Dickeen, kwa hiyo tafuta yote matatu.

Mwaka 1916, baada ya maasi ya Pasaka ya Waayalandi dhidi ya utawala wa Uingereza, Waingereza walimfunga katika kambi ya Frongoch, Wales, na mpira ukachezwa hata humo kambini. Usiiweke habari hii kwenye sura ya siasa peke yake.

Na picha: uwanja wa Killarney wenye jina lake ulifunguliwa 1936, naye alifariki 1930. Ukiuweka, maelezo yaseme hivyo, la sivyo watu watadhani alicheza pale.