Mwanangu, uliuliza Jangwani palikuwa na nini

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Magomeni. Huku sote wazima, shangazi yako anakusalimu sana, anasema Dodoma imekuteka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umesema umeiona michoro ya bustani itakayojengwa bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, umeipenda, halafu ukaniuliza: "Mama, ninyi watu wazima mnaolalamika Jangwani inabomolewa, mnalilia nini hasa? Pale si palikuwa na mafuriko na mabaa tu?" Swali hilo halijibiki kwa simu, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie.

Nianze na mafuriko, usije ukadhani natetea kisichoteteeka. Bondeni hapakuwa mahali pa mtu kulaza watoto. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salenda. Huko juu kila palipojengwa ardhi imeacha kunywa maji, na mchanga unaoporomoka unakuja kujaa chini ya daraja letu, mto unakosa njia. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Walionusurika wengi walipelekwa Mabwepande, mbali na kila walichokizoea. Mwisho wa 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, nyuma yake matingatinga. Na hata mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yake iliwekwa bondeni humohumo, ikawa inazama, na sasa inahamishiwa Ubungo Maziwa. Kwa hiyo mradi huu wa bustani, wa mkopo wa dola milioni 200 za Benki ya Dunia, pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania, wenye daraja jipya la mita 390, mimi siupingi. Mama yeyote aliyewahi kupandisha watoto juu ya paa usiku atakuambia hivyohivyo.

Lakini umesema "mabaa tu". Hapo, mwanangu, sikubali.

Mimi na marehemu baba yako tulikua na bonde likiwa katikati yetu. Upande huu Magomeni, Kigogo na Kinondoni. Upande wa pili Kariakoo na Ilala. Muziki ulikuwa pande zote mbili. Huku kwetu palikuwa na ukumbi wa DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, pale Magomeni Kondoa, na Kinondoni ukumbi wa Vijana. Ng'ambo kulikuwa na DDC Kariakoo, Amana pale Ilala, na Arnautoglu ya Mnazi Mmoja iliyokuwepo tangu enzi za mkoloni. Mtu wa Magomeni alivuka kwenda kucheza Kariakoo, na wa Ilala alivuka kuja kwetu, na wakati wa kurudi mabasi ya UDA yalikuwa yameshalala. Watu walirudi kwa miguu. Barabara ya Morogoro pale Jangwani, saa nane ya usiku wa Jumamosi, ilikuwa imejaa watu kama uwanja wa mpira uliotoka sasa hivi, kinamama viatu mkononi, vijana wanabishana nani kaimba vizuri zaidi. Jangwani ya usiku niliyoijua mimi ndiyo hiyo.

Nilianza ufundi nikiwa binti, cherehani barazani kwa bibi yako, kwa hiyo dansi niliijua kwanza kwa nguo kabla ya kuijua kwa miguu. Ijumaa na Jumamosi baraza ilijaa wateja wanaongoja. Miaka ya sabini walitaka bugaluu, suruali iliyofunika kiatu chote cha raizoni, na magauni ya krimplini ambayo hayakuhitaji pasi. Kisha ikaja vita ya Kagera, na baada yake miaka ile migumu ambayo nguo ilikuwa ya foleni. Kati ya 1981 na 1984 kitambaa kilipatikana kwa bahati, na Sokoine alipowakamata wahujumu uchumi mwaka 1983 hata waliokuwa nacho walikificha. Sasa sikiliza: watu hawakuacha kwenda dansini. Waliniletea bugaluu za zamani nizikate ziwe suruali nyembamba, lile pana la chini likatoka sketi ya mtoto. Waliniletea mapazia. Nilishona gauni la harusi kwa pazia, na bwana harusi na bibi harusi wakaja kucheza Kondoa usiku uleule. Sukari hakuna, sabuni hakuna, lakini mtu anaoga, ananyoosha shati lake moja, anakwenda kusikiliza muziki. Niliwaheshimu sana watu wale, na mpaka leo nawaheshimu.

Na muziki wenyewe ulikuwa wa nani? Hili ndilo nataka ulielewe kuliko yote, maana wewe kazi yako ni mipango miji. Bendi zile zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA bendi nayo ikaitwa JUWATA, baadaye OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa 1978, ikachukuliwa na DDC, wakaitwa Sikinde. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama. Bima Lee ya Shirika la Bima. Polisi, Magereza, JKT, wote na bendi zao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa wa mwezi kama karani. Vyombo vilikuwa vya shirika, na kumbi nyingi nazo zilikuwa za shirika. Makuli wa Kariakoo, mimi na cherehani yangu, wote tulilipa kiingilio tulichokimudu, tukakaa meza moja na ofisa wa wizara. Sehemu ya namna hiyo huwezi kuiita baa tu.

Ushindani wake ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Baba yako alikuwa Msondo, mimi Sikinde, na ndoa yetu ilidumu hivyohivyo. Mwimbaji Muhidini Gurumo alipotoka JUWATA mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, baba yako aliichukulia kama msiba. Alipohama tena 1985 kwenda bendi ya Safari Sound, msiba ukawa wangu. Hassani Bitchuka akipandisha ile sauti yake nyembamba, watu waliacha kucheza wakasimama kumwangalia. Na King Michael Enoch, mwalimu wa wapiga gitaa wa mji huu, alisikika hata kwa mtu aliyekuwa nje hana kiingilio. Wa nje walikuwa wengi. Walisimama ukutani, wakacheza mchangani palepale, kwa muziki uleule.

Siku za katikati ya wiki bendi zilifanya mazoezi, na mazoezi hayakuwa na kiingilio. Watoto waliotoka shule walikaa dirishani wakiangalia. Nyimbo mpya tulizisikia pale kabla hazijarekodiwa Radio Tanzania. Nyimbo zile zilisema mambo yetu: mume anayelala nje, mawifi, kodi ya chumba, rafiki aliyesaliti. Wateja wangu walirudi Jumatatu kuchukua nguo, wakaendelea kubishana barazani nani mwenye makosa katika wimbo, mke au mume. Shauri la wimbo mmoja liliweza kukaa barazani mwezi mzima.

Usidhani wakubwa peke yao ndio walikuwa na usiku. Upande wa bondeni kabisa, kwenye nyumba ambazo sasa zimebomolewa, hapakuwa na ukumbi wala kiingilio. Palikuwa na ngoma ya mdundiko ya Wazaramo, unapita mtaani unazoa watu. Miaka ya tisini vijana wa mabondeni wakaja na mchiriku wao: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika za tarumbeta zilizopiga kelele mpaka alfajiri. Mimi sikuupenda. Bibi yako alitamani kuufukuza. Lakini vijana wale walitengeneza muziki kwa vitu vibovu vilivyotupwa, na singeli ambayo wewe unaicheza kwenye gari lako imetoka tumbo hilohilo. Taarabu nayo ilikuwa na watu wake, pale Travertine hapa Magomeni, kinamama wamevaa sare, wanakwenda jukwaani kutunza. Sare zile nimeshona nyingi mno.

Mabaya yalikuwepo, nami sitakuficha. Jangwani usiku watu waliporwa, ndiyo maana tulitembea kwa makundi. Wanawake tuliokwenda dansini bila mume tuliitwa majina, na wengine walipigwa na waume zao kwa kosa la kwenda tu. Mishahara iliishia mezani, watoto wakalala njaa. Kisha ukaja ukimwi. Kwenye picha zangu za miaka ya themanini kuna meza ambazo leo ninaweza kukuonyesha mtu mmoja mmoja akakosekana karibu meza nzima. Wengi wao niliwashonea nguo, na ndugu zao wengine wakaniletea vitambaa vya nguo za msiba. Kwa hiyo sikuambii kwamba zamani kulikuwa raha na sasa kuna karaha.

Lakini angalia ni nini kilichoondoa muziki. Mto haukuuondoa. Matingatinga yalipofika, kumbi zilikuwa zimeshanyamaza miaka mingi. Mashirika yalianza kubanwa mwishoni mwa miaka ya themanini, yakauzwa au yakafa, na shirika lisiloweza kulipa makarani wake litalipaje mpiga tarumbeta? Bendi zikaachwa zijitegemee. Vyombo vikachakaa, vipya vikawa ghali. Mwaka 1994 ikaja ITV, zikaja redio binafsi, disko, na baa zenye televisheni ambako mtu mmoja na kaseti alitosha kufanya kazi ya watu kumi na tano. Kumbi zikakodishwa kwa harusi, kwa mikutano ya dini, kwa maghala. Msondo na Sikinde hawakukubali kufa, lakini kila wiki walitafuta pa kupiga, wakawa wageni kwenye mji walioulea.

Basi jibu langu ndilo hili. Sililii zile nyumba za bondeni, ingawa nawalilia watu waliotoka humo, maana wengine walikuwa wapangaji, na mpangaji hana nyumba ya kulipwa. Ninacholilia ni ukumbi uliokuwa wetu sote. Ukiangalia michoro ile uliyopendezwa nayo, kuna njia za kutembea, kuna miti, kuna viwanja vya michezo, na ardhi itakayoinuliwa pembezoni kwa ajili ya majengo. Nami nauliza: kwenye majengo hayo, mtu wa Kigogo anayeuza ndizi ataingia wapi jioni, akae, asikilize kinanda bila kununua chakula cha mshahara wake wa wiki? Nimeona maeneo mengine ya mji huu yaliyopambwa. Yana muziki, ndiyo, lakini mlinzi wa getini anakutazama viatu kwanza.

Na usiniambie haiwezekani. Hapa kwetu Magomeni Kota nyumba za zamani zilivunjwa, familia 644 zikatawanyika, kwa miaka mingi tukaamini wamedanganywa. Mwaka 2022 wakafunguliwa magorofa mapya palepale, na waliohamishwa wakarudi. Walichukua muda mrefu mno, wengine walikufa wakingoja, lakini walirudi. Hata nyumba ya Mwalimu aliyokaa hapa Magomeni wakati wa kudai uhuru imetunzwa ikawa makumbusho. Kwa hiyo tunajua kutunza tukitaka. Chumba cha siasa tumekitunza. Cha muziki tumekiacha kiwe ghala.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikasema haya. Nilisema bustani iwe na jukwaa la wazi na ukumbi mmoja wa manispaa, juu ya ardhi iliyoinuliwa, wenye kiingilio kilichopangwa na baraza la madiwani, na siku mbili za wiki ziwe za mazoezi ya bure. Bendi kongwe zipewe siku yao, vijana wa singeli wapewe yao. Pawe na taa mpaka daraja, na basi la usiku, ili binti asitembee Jangwani na roho mkononi kama tulivyotembea sisi. Kijana mmoja aliyekuwa anaandika alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Mama, ukumbi kama huo unachukua watu wangapi, na unahitaji eneo kiasi gani?" Hapo mimi fundi cherehani sikuwa na jibu.

Wewe unalo. Nichoree hata kwa penseli: watu mia tano, jukwaa la bendi ya watu kumi na tano, choo cha kutosha cha wanawake, na mahali pa mama lishe nje pasipomfukuza mtu. Niandikie na vipimo vyake. Mkutano mwingine utakuwa baada ya Idi, nitakwenda nayo mwenyewe.

Mama yako akupendaye.