Upanga wa Kijapani: vua mpini kwanza, jina litafuata

Upanga wangu wa kwanza wa Kijapani niliununua mnadani London. Ulikuwa wakizashi, yaani upanga mfupi, na kwenye chuma chake kulikuwa na herufi sita zilizochongwa kwa patasi: Bishu Osafune Sukesada. Usiku huohuo nikalitafuta jina hilo. Nikasoma kwamba Osafune, katika Okayama ya leo, kilikuwa kijiji cha wahunzi waliosifika Japani nzima, na kwamba Sukesada ni jina kubwa. Nikalala nikiamini nimeokota lulu.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba jina Sukesada lilitumiwa na wahunzi makumi kwa makumi. Karne ya 16 Japani ilikuwa imejaa vita vya ndani, na karakana za Osafune zilifua panga kwa mafungu ili kuwapa askari silaha. Upanga ulioagizwa na mtu mkubwa ukafuliwa kwa makini mara nyingi uliongezwa jina binafsi la mhunzi, kama vile Yosozaemon. Wangu haukuwa nalo. Ni wa kweli, ni wa kale, na naupenda mpaka leo, lakini bei niliyoilipa ilikuwa ya jina. Kosa langu lilikuwa kuanzia kwenye saini, na ndilo kosa ninaloliona kwa karibu kila anayeanza.

Wewe anzia kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Wajapani huiita nakago. Mpini hushikwa na kijiti cha mwanzi kiitwacho mekugi. Ukishapata ruhusa ya mwenye upanga, kisukume kijiti kutoka upande wake mwembamba. Simamisha upanga ncha ikiwa juu, shika mpini kwa mkono wa kushoto, kisha piga kifundo cha mkono huo taratibu kwa ngumi ya kulia. Msuka utalegea. Ukikataa, mwachie fundi, usiutie nyundo.

Sasa tazama kutu. Kutu ya karne nyingi ni nyeusi au kahawia iliyokolea, imetulia kama ngozi ya zamani na haiachi unga kidoleni. Kutu nyekundu ya unga ni ya juzi. Ingia mpaka ndani ya mikato ya herufi: kama msuka mzima ni mweusi na mikato inang'aa, jina limechongwa baadaye na mtu mwingine. Kisha angalia alama za tupa, kwa maana kila ukoo wa wahunzi ulikuwa na mwelekeo wake wa kupiga tupa. Hesabu na matundu ya mekugi. Matundu mawili au matatu mara nyingi yanaonyesha upanga ulikuwa mrefu zaidi, ukakatwa kutoka chini ili uendane na mtindo wa zama za baadaye. Panga nyingi nzuri za karne ya 13 na 14 zimepoteza saini zao kwa njia hiyo, kwa hiyo upanga usio na jina usiudharau.

Na kutu hiyo usiiguse, hata kwa kitambaa chenye dawa. Niliwahi kuletewa upanga ambao muuzaji alikuwa ameusugua msuka kwa msasa mpaka ukawa mweupe kama kijiko, akidhani ameuongezea thamani. Alama za tupa zilikuwa zimefutika, na mikato ya saini imebaki kama kivuli. Ushahidi wa miaka mia kadhaa uliondoka kwa kazi ya nusu saa, na hakuna fundi duniani wa kuurudisha. Nilisikitika siku nzima.

Baada ya msuka, nenda kwenye bapa. Kabla ya kuutia upanga maji, mhunzi huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Makali hupoa ghafla yakawa magumu, mgongo ukabaki na ulaini wa kustahimili pigo. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huonekana kama mstari wa ukungu na huitwa hamoni. Zima taa zote ubakize balbu moja tupu, elekeza ncha upande wa balbu, kisha inamisha upanga kidogo kidogo. Hamoni ya kweli ina kina: utaona vichembe vinavyometa, au ukungu unaosogea kadiri mkono unavyosogea. Ile iliyochorwa kwa tindikali ni nyeupe bapa, haisogei popote. Mimi nilihitaji kutazama panga nyingi kabla jicho halijaizoea tofauti hiyo, na zilizonifundisha zaidi ni zile za makumbusho ya British Museum na Victoria and Albert, ambako unaweza kurudi kwenye upanga uleule mara kumi.

Panga za Vita Kuu ya Pili ndizo utakazokutana nazo kwa wingi, kwa sababu askari walirudi nazo makwao baada ya 1945. Upanga wa maaskari wa vyeo vya chini, ulioanza kutolewa 1935, ulitengenezwa kwa mashine, ina namba iliyogongwa kwenye bapa, na mpini wake kwa kawaida ni wa alumini, uliopakwa rangi ili ufanane na mpini uliozungushiwa kamba. Upanga wa ofisa ni habari nyingine. Maofisa wengine walichukua upanga wa babu zao wakautia kwenye ala na mpini wa kijeshi, kwa hiyo vazi la jeshi lisikufanye uupite bila kuuvua. Ukikuta tarehe, mwaka wa enzi ya Showa unauongezea 1925: Showa 18 ni 1943.

Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka, kutoka ncha hadi pengo la mgongoni pale msuka unapoanza. Ukizidi sentimita 60.6 ni upanga mrefu, katana au tachi, kati ya 30.3 na 60.6 ni wakizashi, chini ya hapo ni tanto, yaani jambia.

Hapo ndipo jina linapata zamu yake. Lilinganishe na picha za saini zilizothibitishwa, mkato kwa mkato, kwa kuwa mkono wa mhunzi una tabia kama mwandiko. Jina likiwa kubwa, shaka nayo iwe kubwa: Kotetsu, mhunzi wa Edo (Tokyo ya leo) wa karne ya 17, ameghushiwa kupita kiasi, na Masamune, mhunzi mwingine mashuhuri, aliacha saini chache mno. Kwa uamuzi mzito kuna NBTHK ya Tokyo, jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani, iliyoanzishwa 1948, ambayo hukagua upanga wenyewe na kutoa hati. Hozon ndiyo ngazi ya kwanza, na Tokubetsu Juyo ndiyo ya juu kabisa. Saini ya kughushi haipewi hati.

Ukinunua kutoka Japani, upanga wa kale hauondoki bila kibali cha serikali ya huko. Uliza pia sheria ya unakoishi kabla ya kulipa.

Utunzaji ni mwepesi: usiguse bapa kwa vidole, maana jasho huleta kutu, na upake mafuta tone moja tu. Mafuta ya jadi huitwa choji, na choji ni karafuu. Ni mafuta mepesi yaliyotiwa karafuu kidogo, si mafuta ya karafuu matupu. Mimi ni mtoto wa Pemba. Kila baada ya miezi michache nikiufungua Sukesada wangu, chumba hiki cha London hunukia kama uwanja wetu wakati wa kuanika karafuu, nami hukaa nao chini ya balbu mpaka chai ipoe.