Dhamana ya mkopo wa simu ni majina ya watu wako

Mtu akiniomba ushauri kuhusu mikopo ya mtandaoni, sianzi na riba. Namuuliza: hiyo programu imeomba kuona nini kwenye simu yako?

Nilianza kuuliza hivyo baada ya kupokea meseji kwamba mimi ni "mdhamini" wa mtu niliyewahi kufanya naye kazi, nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Sikuwahi kumdhamini. Namba yangu ilikuwemo tu kwenye simu yake, kama ya mkwewe na ya fundi wake wa friji, nao walitumiwa meseji ileile. Kausha damu wa mtaani, yule mkopeshaji wa riba kubwa, hushika kadi yako ya benki. Huyu wa kwenye simu hushika majina, halafu anaiacha aibu ikudai kwa niaba yake.

Tangu Mei 31, 2023, Google imezikataza programu za mikopo zilizomo Play Store kusoma majina na namba za watu zilizomo kwenye simu ya mteja, pamoja na picha zake. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo upakulie kwingine, jiulize wanakwepa nini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yasiyo na leseni, lakini usiishie kwenye orodha hiyo, maana jina hubadilishwa kesho tu. Tafuta orodha ya wenye leseni.

Umeshaingia? Nenda Mipangilio, Programu, Ruhusa, uzuie majina (Contacts), meseji na picha. Kuifuta programu hakurudishi walichokwisha kunakili. La maana zaidi, waambie watu wako kabla hawajaambiwa. Najua ni kazi ngumu, hasa kwa wakwe, ila vitisho vyote hivi vinategemea wewe kuficha.

Kila meseji ipige picha ya skrini. Tanzania, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022. Kenya, nenda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 ilitoza faini ya mamilioni ya shilingi kwa wakopeshaji waliotumia namba za watu wasiohusika. Deni lenyewe linabaki palepale, usidanganyike.

Na wewe uliyegeuzwa mdhamini bila kujua unaweza kulalamika pia, kwani namba ni yako. Usilipe, wala usimpigie mwenzako kumfokea. Mtumie picha ya hiyo meseji, ataihitaji.