Duke na uongozi wa pointi 14: majibu yenu

Tangu alfajiri ya Jumapili, Aprili 6, 2025, simu yangu haikupoa. Houston 70, Duke 67, nusu fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo Marekani, pale San Antonio, na Duke waliwahi kuongoza kwa 14. Ya matusi nimeyaweka kando, haya hapa yaliyobaki.

Refa katuibia. Faulo ya Flagg wetu wa Duke dhidi ya Roberts wa Houston, sekunde za mwisho, ilikuwa faulo kweli?

Nyepesi. Mimi nisingeipuliza. Ila Roberts alishajipanga mbele yake, Flagg akabaki kunyoosha mkono kutokea nyuma. Miguu ikichelewa, mkono hukuponza. Na kabla ya hapo? Duke wako mbele kwa sita, zimebaki sekunde kama 35. Sharp wa Houston anafunga ya pointi tatu, pasi ya Duke ya kuingiza mpira inaibwa, Wilson wa Houston anakosa, mwenzake Tugler anaurudisha kikapuni kwa nguvu. Pasi ile aliitupa refa?

Proctor wa Duke alikuwa na mitupo huru miwili. Wa pili ulienda wapi?

Jamani! Kila Machi naulizwa hili. Kwa wanaume wa vyuo, kuanzia faulo ya saba ya timu katika kipindi, mtupo wa pili unaupata ukifunga wa kwanza. Ikifika ya kumi ndipo unapewa miwili bila sharti. Proctor alikosa wa kwanza, mpira ukawa hai, wa kugombaniwa, na hapo ndipo ikaja faulo ile ya Flagg. Someni kanuni kwanza, ubishi baadaye.

Flagg aliogopa mwishoni?

Ana pointi 27 na mtupo wa uamuzi aliupiga yeye. Hapana.

Kijana wetu Maluach wa Duke, aliyekulia Kampala, mbona mnamsakama?

Nampenda kuliko wewe. Mzaliwa wa Rumbek, akiwa na miaka 16 tayari yuko Kombe la Dunia na Sudan Kusini. Lakini mtu wa sentimita 218 kucheza dakika 21 bila ribaundi hata moja, yaani bila kudaka mpira wowote uliokosa kikapu! Nimelisema hapa mpaka nimechosha watu: ribaundi si urefu. Mpira ukiwa bado hewani, mtafute mtu wako, mwekee mgongo, mkalie miguuni, ndipo utazame juu. Vijana wetu viwanjani wanasimama wakitazama mpira kama wanatazama ndege, na makocha wao wanawapigia makofi kwa kudanki. Maluach alikuwa na miaka 18 tu siku ile, atajifunza. Wa mtaani kwako nani atamfundisha?

Kocha Scheyer wa Duke alikosea wapi?

Dakika kumi na nusu za mwisho, Duke walifunga kikapu kimoja tu nje ya mitupo huru. Kimoja! Walianza kuilinda saa badala ya kutafuta kikapu. Una sekunde 30 za kushambulia, ukichezea 20 unabaki na mtupo wa kubahatisha mbele ya ulinzi wa Kelvin Sampson, kocha wa Houston, watu wanaoishi kwa kubana.

Mkeka wangu umechanika kwa pointi tatu. Nifanyeje?

Usibetie watoto wa chuo. Ada ya mtoto wako ilipe kwanza.

Basi Houston ndio mabingwa?

Hapana. Jumatatu, kwenye fainali, waliongoza kwa 12, wakafungwa na Florida 65-63. Sharp yuleyule aliruka kutupa ya mwisho, akamwona Clayton wa Florida usoni, akauachia mpira chini. Hata kutupa hakutupa.