Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Ushuru Huanzia Kwenye Mshahara?

Barua tulizopokea kuhusu makato ya mshahara nchini Kenya zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua nne ambazo, kwa maoni yetu, zinabeba maswali ya wengine wengi.

Bwana Mhariri, mimi ni msimamizi wa ghala huko Athi River. Mshahara wangu kabla ya makato ni Sh85,000, nao haujapanda wala kushuka tangu mwaka 2023. Mwezi Juni mwaka huo nilipokea mkononi Sh65,000 na ushei. Mwezi Machi 2025 nimepokea Sh61,500 na ushei. Wanaoitetea serikali wanasema Wakenya hatulipi ushuru wa kutosha, na wanaoipinga wanasema tabaka la kati limekamuliwa hadi tone la mwisho. Nani mkweli?

Ndugu msomaji, asante kwa kutuletea takwimu zako, kwa kuwa mjadala huu umekosa sana hesabu za mtu mmoja mmoja. Tuzipitie pamoja.

Mwezi Machi 2025, mfanyakazi wa Sh85,000 alikatwa Sh4,320 za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, Sh2,337.50 za bima ya afya ya SHIF ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, na Sh1,275 za tozo ya nyumba ambayo ni asilimia 1.5. Baada ya hayo ikaja PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, ya Sh15,503.60. Jumla ni Sh23,436.10, na kilichobaki ni Sh61,563.90, sawa na ulivyotuandikia. Juni 2023 mtu huyo huyo alikatwa Sh1,080 za NSSF, Sh1,500 za iliyokuwa NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF, na PAYE ya takriban Sh17,334. Tofauti mkononi ni kama Sh3,520 kwa mwezi.

Hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu jibu halitawafurahisha wanaoipinga serikali wala wanaoitetea. Katika hizo Sh3,520, Sh3,240 ni nyongeza ya NSSF, yaani akiba yako mwenyewe ya uzeeni, ambayo kisheria mwajiri pia hukuongezea kiasi kama hicho. Ukiiondoa, utaona kwamba PAYE, bima ya afya na tozo ya nyumba kwa pamoja zimepanda kwa takriban Sh280 tu. Sababu ni kwamba tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria inaruhusu SHIF na tozo ya nyumba ziondolewe kwanza kwenye mshahara kabla ya PAYE kupigiwa hesabu. Kabla ya hapo ulikuwa ukilipia ushuru hata fedha ambazo hukuzishika, jambo ambalo halikuwa la haki hata kidogo, na nafuu hiyo haikuletwa na huruma ya mtu yeyote. Ilikuja miezi sita baada ya vijana kumiminika barabarani kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kukusanya takriban Sh346 bilioni zaidi, uliotaka mkate utozwe VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ya asilimia 16 na gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Bunge lilivamiwa tarehe 25 Juni, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Mtu akikwambia kwamba nafuu iliyomo kwenye hati yako ya mshahara ni zawadi, mkumbushe tarehe hizo.

Je, basi malalamiko yako ni bure? La hasha. Mzigo haukuanza mwaka 2023, na sehemu yake kubwa imejificha kwenye ngazi za ushuru ambazo wanasiasa hawapendi kuzizungumzia. Mwaka 2019 kiwango cha asilimia 30 kilianzia kwenye Sh47,059 kwa mwezi. Wakati wa korona, kuanzia Aprili 2020, ushuru ulilegezwa, na aliyekuwa akipata Sh40,000 alitozwa asilimia 15 kwenye shilingi yake ya mwisho. Ulipokazwa tena Januari 2021, ngazi za katikati hazikurudishwa, hivyo kiwango cha asilimia 30 kikaanzia Sh32,333. Ni kweli kwamba nafuu ya mtu binafsi, kiasi anachopunguziwa kila mtu kwenye ushuru wake wa mwezi, ilikuwa imeongezwa kutoka Sh1,408 hadi Sh2,400, na kwamba wa chini kabisa walinufaika. Lakini tangu hapo bei ya unga, nauli na karo zimepanda huku ngazi hizo zikibaki palepale. Kijana wa Sh40,000 akiongezwa Sh5,000 baada ya kumsihi mwajiri mwaka mzima, zinazomfikia mkononi ni kama Sh3,140.

Na hiyo ngazi ya asilimia 30 inakwenda hadi Sh500,000. Ndani yake wamo karani wa Sh40,000 anayepanga chumba kimoja Umoja na mkurugenzi wa Sh480,000. Kisha bado tunaambiwa kwamba tabaka la kati ni kitu kimoja. Kwa miaka mingi Shirika la Takwimu, KNBS, lilipokuwa likipima bei jijini Nairobi, liliihesabu kaya kuwa ya kipato cha kati ikiwa matumizi yake ya mwezi yalikuwa kati ya Sh23,671 na Sh119,999. Ukichukua mpaka huo, utaona kwamba kiwango cha asilimia 30 kinamnasa mtu akiwa ndiyo kwanza anavuka mlango wa tabaka la kati.

Mhariri, mbona kila siku ni sisi wenye ajira? Zaidi ya Wakenya 8 katika kila 10 wanaofanya kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga na mwendesha bodaboda hawalipi chochote, nasi tunawabeba. Mwanafunzi wa uzamili, Kisumu.

Idadi uliyoitaja iko karibu na ile ya KNBS, lakini maneno "hawalipi chochote" hayana ukweli. Mwendesha bodaboda hununua petroli kila siku, na tangu Julai 2023 VAT ya petroli ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, yeye ndiye aliyeihisi kabla yako. Mama mboga akitumiwa fedha kwa simu na kuzituma kwa mkulima wa Kinangop, ada ya kutuma hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Ushuru wa aina hii haumuulizi mtu anapata kiasi gani, ndiyo maana humuuma zaidi maskini. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba halipi ushuru wa mapato, na kwa wengi wao mapato hayo hayafiki hata kiasi cha kutozwa.

Kinachofanya mwenye ajira akatwe kwanza ni wepesi wa kumpata. Mwajiri humkata kabla hajaushika mshahara wake na kuipelekea KRA, mamlaka ya ushuru, ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, bila afisa kumtafuta mtu yeyote. Serikali yenye deni lililopita Sh10 trilioni huvuta kamba iliyo karibu na mkono wake. Rais Ruto alisema mwaka 2024 kwamba angependa kuona ushuru ukipanda kutoka karibu asilimia 14 ya pato la taifa hadi kati ya asilimia 20 na 22. Lengo lenyewe linaweza kutetewa, kwa kuwa hospitali na barabara hazijengwi kwa maneno. Ninachokipinga ni kulifikia kwa kuwarudia walewale.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kakamega. Nilijenga vyumba 10 vya kupangisha kwa kiinua mgongo changu. Sasa nasikia vijana wenu wakisema wenye nyumba tutozwe zaidi kwa sababu tunalipa kidogo kuliko wao. Je, kuweka akiba kumekuwa kosa?

Shikamoo Mwalimu. Kuweka akiba si kosa, na ninaelewa uchungu wako. Hata hivyo, naomba nikuonyeshe kile ambacho vijana hao wanakiona.

Tangu Januari 2024, mapato ya nyumba za makazi yanayofika Sh288,000 na kuishia Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5, kiwango kilichopunguzwa kutoka asilimia 10. Mwenye kukusanya kodi ya Sh85,000 kwa mwezi hulipa Sh6,375. Msimamizi wetu wa ghala, kwa Sh85,000 hizohizo, hulipa PAYE ya Sh15,503.60. Najua kwamba ushuru wako hupigwa kwenye kodi yote bila kuondoa gharama, kwamba paa likivuja unaliziba kwa fedha zako, na kwamba kuna miezi ambayo chumba hukaa kitupu. Hizo ni sababu za kweli, nazo zinaeleza kwa nini kiwango chako kinapaswa kuwa chini. Lakini hazielezi kwa nini mtu mwenye jumba la ghorofa kumi huko Kilimani, anayepata Sh14 milioni kwa mwaka, atozwe asilimia ileile unayotozwa wewe wa vyumba 10. Wewe na karani wa Umoja mmewekwa kapu moja na watu ambao hamfanani nao, na katika makapu yote mawili aliye juu ndiye anayenufaika.

Historia nayo inawapa vijana hao hoja. Ushuru wa faida inayopatikana kwa kuuza mali, kama vile ploti na hisa, ulisimamishwa mwaka 1985 na haukurudi hadi Januari 2015, tena kwa asilimia 5 tu. Kwa takriban miaka 30, mtu aliweza kununua ekari pembezoni mwa Nairobi, akangoja barabara iliyojengwa kwa ushuru wa wafanyakazi imfikie, akauza kwa bei mara kumi, na faida yake isikatwe hata senti. Kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, ambayo bado ni nusu ya asilimia 30 anayotozwa karani. Gawio la hisa kwa mkazi wa Kenya hutozwa asilimia 5. Nao ushuru wa ardhi jijini Nairobi ulikadiriwa kwa miaka mingi kwa daftari la thamani la miaka ya 1980, wakati ploti za Upper Hill zilikuwa za nyumba za bustani.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Mimi ninakisoma hivi: shilingi iliyotokana na jasho isitozwe zaidi ya shilingi iliyotokana na kungoja. Ikiwa kiwango cha ushuru wa kodi za nyumba kitawekewa ngazi, wewe Mwalimu ubaki pale ulipo au hata ushuke, na ngazi ianze kupanda kwa wenye mamilioni. Sioni hatari yoyote kwako katika hilo. Hatari yako ni kuwasemea wenye majumba kana kwamba masilahi yenu ni mamoja.

Tukishajua haya yote, mtu wa kawaida afanye nini? Muuguzi, Malindi.

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni ifikapo mwisho wa Aprili, na sheria hupaswa kuwa tayari kabla ya Julai 1. Katikati yake, hasa mwezi Mei, Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi na kwa mdomo. Ushirikishwaji huo ni takwa la Katiba, na mahakama imewahi kulisisitiza. Mashirika makubwa hufika na wanasheria na kurasa 40. Wafanyakazi hufika wachache, na wengi hukaa kimya hadi makato yaonekane Julai.

Andika ukurasa mmoja. Ambatisha nakala ya hati yako ya mshahara, ukiwa umefunika jina na namba zako, kisha utaje jambo moja linaloweza kuandikwa katika sheria: kwamba asilimia 30 ianzie angalau kwenye Sh47,059 ilipokuwa mwaka 2019, au kwamba ngazi zipande kila mwaka kufuatana na mfumko wa bei. Mbunge wako apelekewe nakala, na chama chako cha wauguzi pia, kwa kuwa barua 50 zenye ombi moja ni vigumu kwa kamati kuziweka kando kuliko barua moja yenye malalamiko 50.